Sikio la Kulia la Chiriku

Mama Vidole hakupewa jina lile kwa kuonewa huruma. Mikono yake ilikuwa na sifa mtaa mzima. Akisuka, mistari inakaa sawasawa kuanzia kwenye paji la uso mpaka kisogoni, na mtoto anainuka bila kutoa hata chozi. Aliyewahi kumsuka mtoto wa miaka minne anajua hilo si jambo dogo. Saluni yake ilikuwa kile chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe: kioo chenye ufa pembeni, viti vya plastiki, draya ya kusimama iliyokuwa na kelele nyingi kuliko joto, na kigoda kifupi anachokalia mtoto, kichwa kikiwa katikati ya magoti ya msusi.

Sasa, huyu mama alikuwa na utaratibu wake. Akimaliza kumsuka mtoto, hamwambii haya nenda. Anamlaza kichwa pajani, anachomoa pini ya nywele, anaizungushia pamba, anaichovya kwenye mafuta, na kumsafisha masikio. Bure! Kisha anaifuta ile pamba kwenye kitambaa cheupe na kumwonyesha mzazi. "Tazama mwenyewe. Yote haya yalikuwa kichwani mwa mwanao." Mzazi anashika mdomo, salaala, na kesho yake anamsimulia jirani. Wako waliokuja kwa ajili ya nywele wakarudi kwa ajili ya masikio. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika, na kwa hiyo Mama Vidole aliamini hakuna aliyewahi kuumia.

Alikuwa na mjukuu mmoja, mtoto wa binti yake, na mtoto huyo alikuwa na mdomo, jamani! Akiamka anaongea, akila anaongea, akikosa mtu anaongea na draya. Ndiyo maana wakamwita Chiriku. Bibi yake akampenda kupita kiasi. Walitaniana kutwa, wakiitana mke mwenzangu, wakigombania nani amwage maji na nani ale kipande kikubwa. Mama wa mtoto alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mikate, zamu ya alfajiri. Alikuwa akitoka nyumbani mtoto angali amelala, naye Mama Vidole ndiye aliyemwamsha, akamwogesha, akampeleka chekechea na kumrudisha. Uzee wake wote, ukitaka kujua, ulikuwa umeegemea pale.

Mambo yalianza kwa mwalimu wa chekechea. Alimwita yule binti, mama wa mtoto, akamwambia kwamba Chiriku akiitwa kutoka upande wa kulia haitiki, na akisomewa hadithi anageuza shingo kama anayetazama dirishani. Binti akampeleka hospitali. Huko kulikuwa na muuguzi wa masikio, mwanamume mnene mwenye sauti ya chini, akaangalia kwa taa yake ndogo, akasema sikio la kulia limeziba nta. Si ugonjwa mkubwa. Akatoa matone ya kuilainisha, yatiwe asubuhi na jioni, kisha mtoto arudishwe aoshwe sikio kwa maji ya vuguvugu.

"Ila nikuulize, dada," akasema yule muuguzi. "Nani anamsafisha masikio huyu? Maana nta haiendi ndani hivi peke yake. Sikio lina namna yake ya kuitoa nje polepole. Hii imesukumwa."

Binti akarudi nyumbani amevimba. Akamkuta mama yake anachana nywele za mteja, akamsubiri mteja atoke, kisha akayamwaga yote.

"Mimi nimesukuma?" Mama Vidole akaja juu. "Mimi? Nimekusafisha masikio yako wewe tangu unanyonya. Leo husikii?"

"Nasikia, Mama. Na ninavyosikia, unabisha."

"Ebo!"

"Sikiliza, Mama yangu. Sitaki ugomvi. Matone utatia wewe, maana mimi asubuhi sipo. Lakini pini, kijiti, njiti ya kiberiti, ncha ya chanuo, chochote kile, usimtie mwanangu sikioni. Ukitia, namwondoa hapa. Nampeleka kwa shangazi yake, akakae huko."

Shangazi mtu, dada wa baba yake Chiriku, alikaa ng'ambo ya pili ya mji, nyumba kubwa yenye watoto tele. Mama Vidole alijua binti yake si mtu wa vitisho. Akisema anaondoka, ameshafunga begi. Basi akaapa, mkono juu kabisa, na akajikaza. Asubuhi na jioni akamlaza Chiriku ubavu, akamtia matone, akakaa naye mpaka yaingie. Sitamsingizia, alifanya vizuri.

Ikafika siku ya kurudi hospitali. Binti aliomba ruhusa kazini atoke mapema, aje awachukue. Asubuhi hiyo Mama Vidole alikuwa na mteja, mama mmoja jirani mwenye maneno, ambaye mwanawe alikuwa ametoka kusukwa na kusafishwa masikio kama kawaida. Yule mama akamtazama Chiriku aliyekuwa sakafuni anachezea vibanio.

"Nasikia huyu leo anapelekwa kuoshwa sikio."

"Ndiyo. Mama yake anataka."

"Makubwa! Masikio ya watoto wetu unayaweza, la mjukuu wako mpaka ukaombe msaada?" Akacheka, akamshika mwanawe mkono, akaenda zake.

Maneno yale yalimkaa Mama Vidole kooni. Akafagia nywele, akapanga vibanio, akafuta kioo, na bado yapo. Akamtazama Chiriku. Akajiambia ataangalia tu. Kuangalia si kutia kitu, nani atamlaumu mtu kwa kuangalia?

"Mke mwenzangu, hebu njoo tuone."

Chiriku akaja, akaweka kichwa pajani alivyozoea, sikio la kulia juu. Mama Vidole akalivuta kidogo kuelekea dirishani. Loo! Nta ilikuwa imelainika, imevimba, imesogea mpaka karibu na mlango wa sikio, ya kahawia, inang'aa kwa matone. Vidole vikamwasha. Hii hata maji haihitaji, akajisemea. Hii ni kuigusa tu ije yenyewe. Na yule muuguzi na taa yake atakuta sikio jeupe, aseme jamani nani kafanya kazi hii nzuri. Mkono ukaenda kichwani, ukachomoa pini. Pamba ikazungushwa. Mafuta yalikuwa pale pale.

Alikuwa na ufundi wake wa kutuliza watoto. Huwauliza habari, mtoto akisimulia anasahau kuogopa, na kichwa kinatulia. Alifanya hivyo na watoto wa watu mwaka nenda mwaka rudi, mdomo ukiuliza na mkono ukifanya kazi, hata hafikirii. Basi pini ilipoingia, mdomo nao ukafunguka.

"Haya niambie, jana mlicheza nini chekechea?"

Sasa hebu tazama. Sikio la kulia la Chiriku ndilo lililoziba. Sikio lake zima lilikuwa chini, limebanwa kwenye paja la bibi na gauni lote lile. Mtoto alisikia bibi ananong'ona kitu, hakujua ni nini. Akafanya alichokuwa akifanya kila siku mtu akimsemesha: akainua kichwa ageuze sikio linalosikia.

"Eeh, Bibi?"

Pini ikazama.

Mlio alioutoa ulimfanya Mama Vidole aone giza. Alichomoa pini, akamkumbatia, akamfunika kifuani, pole mama, pole, pole, na Chiriku anapiga mateke na kushika sikio kwa mikono yote miwili. Alipopata nguvu ya kutazama, pamba ilikuwa na damu. Si nyingi. Tone tu, limeingia katikati ya nta. Pale mlangoni pa sikio napo kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu. Akaufuta kwa khanga, ukarudi, akaufuta tena, ukakoma.

Alimbeba mpaka kilio kikapungua kikawa kwikwi. Hapo ndipo alipofanya lile jambo lingine, na mimi la pini naweza kulielewa, lakini hili linanipa taabu hata kulisimulia. Alichukua biskuti kwenye kopo, akampa, akamwinamia upande wa kushoto.

"Mke mwenzangu. Mama asijue, sawa? Hii ni siri yetu. Mama akijua atakupeleka kwa shangazi, mimi na wewe tusionane tena. Unataka hivyo?"

Chiriku akatikisa kichwa, biskuti mkononi, machozi mashavuni.

"Basi tunyamaze. Hata ukiulizwa."

Binti akafika na unga bado kwenye nyusi. Alimtazama mwanawe.

"Mbona macho mekundu?"

"Ametoka kulala," akasema Mama Vidole.

"Na leo kimya hivi? Kulikoni?"

"Anaogopa hospitali. Mtoto ni mtoto."

Uongo wa kwanza ulimtoka kwa shida. Wa pili ulitoka wenyewe. Wakatembea kwenda hospitali, Chiriku katikati, kamshika mama yake mkono huu na bibi yake mkono ule. Kila walipopita jambo ambalo siku nyingine lingemfanya mtoto yule aseme mpaka kero, mbwa, pikipiki iliyoanguka, mtu aliyebeba magodoro kichwani, hakusema. Mama Vidole alikuwa akimwombea aseme lolote, hata upuuzi, na papo hapo akiogopa asije akasema.

Kwenye benchi la kusubiri alijipanga. Akajiambia, yule muuguzi ana taa. Ataona mwenyewe. Akishaona atasema, na hapo litakalokuwa na liwe, lakini si mimi niliyelitamka. Akajiambia pia kwamba labda ilikuwa ngozi tu. Ngozi ya sikio ni laini, hutoka damu kwa kitu kidogo. Mbona mtoto amenyamaza? Angekuwa na maumivu si angelia?

Wakaitwa. Chumba kilikuwa kidogo, meza, sinki, kiti cha magurudumu madogo anachokalia muuguzi, na picha ya sikio lililokatwa katikati, ukutani. Muuguzi akamsalimia Chiriku kwa kumpa mkono kama mtu mzima, akamwomba ruhusa ya kuangalia, akamwekea taa kwanza kwenye kidole gumba aone haiumi. Kisha akaingiza ncha ya taa sikioni. Chiriku akasinyaa. Hakulia. Alimtazama bibi yake.

Mama Vidole akamkazia macho muuguzi. Sema, alikuwa akimwambia yule mwanamume moyoni. Umeona, sasa sema.

"Nta imelainika vizuri," akasema muuguzi. "Ila naona imerudi ndani kidogo, imeziba njia yote. Ngoma ya sikio siioni kabisa. Na hapa mlangoni kuna wekundu. Amejikuna?"

"Labda," akasema binti.

Muuguzi akamgeukia Mama Vidole. "Mama, wewe ndiye unayeshinda naye?"

"Labda amejikuna," akasema Mama Vidole.

Muuguzi hakuona! Ile nta aliyoisukuma Mama Vidole mwenyewe ndiyo iliyomfichia. Akaegemea ukuta, na kwa nukta moja alijisikia ameokoka. Lakini muuguzi hakuwa amemaliza.

"Swali hili namuuliza kila mzazi, msinione mbaya. Tangu mlipotoka hapa, kuna kitu chochote kimeingia kwenye sikio hili? Amelalamika maumivu ya ghafla? Kuna damu imetoka?"

"Hapana," akasema binti, bila hata kufikiri. "Matone tu. Mama yangu aliniapia."

"Nauliza kwa sababu ngoma ya sikio ni kingozi chembamba sana. Kikiwa kizima, maji yanakigusa na kurudi na taka zake. Kikiwa kimetoboka, maji yanapita yanaingia ndani. Hapo mtoto anapata maumivu makali na kizunguzungu, na uchafu ukienda ndani unaweza kumharibia usikivu. Mwenye tundu hatumwoshi kwa maji, tunatafuta njia nyingine. Sasa kama hakuna kitu, tuendelee."

Akafungua bomba, akachanganya maji ya moto na ya baridi kwenye jagi, akayajaribu kwa ndani ya kiganja. Hayakumridhisha. Akaongeza ya moto kidogo, akajaribu tena. Akachukua bomba la sindano kubwa lisilo na sindano, akavuta maji taratibu. Kila alichokifanya kilikuwa cha upole, na kila kimoja kilimkaba Mama Vidole. Aseme nini? Akisema, Chiriku anaenda kwa shangazi. Asubuhi zote zile, maji ya kuoga, kugombania vipande, basi tena. Na asiposema? Labda ilikuwa ngozi tu. Labda.

Binti akaketi, akampakata mwanawe, mkono mmoja ukimkumbatia mabega na mwingine ukishika kichwa. Taulo likawekwa begani. Muuguzi akachukua bakuli la chuma.

"Mama, nisaidie. Hili lishike hapa chini ya sikio, libane shingoni, maji yakitoka yaingie humu."

Akalipokea. Mikono ile, wenzangu, iliyokuwa ikigawa nywele kwa ncha ya chanuo bila kukosea, ilianza kutetemeka. Bakuli likagonga hereni ya Chiriku, ti, ti, ti.

"Mama, shikilia vizuri," akasema binti.

"Nashikilia."

Chiriku alimtazama. Macho yake yalikuwa karibu kabisa, makubwa, makavu. Alikuwa amebana midomo mpaka imekuwa mstari. Ndipo Mama Vidole alipotambua kwamba mtoto hajanyamaza kwa kuwa haumwi. Muuguzi alivuta ncha ya sikio juu na nyuma, kidogo tu, na uso wa Chiriku ukajikunja wote, na bado mdomo haukufunguka.

Bomba likafika kwenye sikio.

"Usitie!"

Bakuli lilianguka. Kiganja cha Mama Vidole kilikuwa kimeliziba sikio la mtoto, na maji kidogo yaliyoruka yalimwagikia mgongo wa mkono wake.

"Usitie maji! Nimemchoma. Mimi. Leo asubuhi nimemtia pini, akageuka, ikaingia. Damu ilitoka. Jamani, damu ilitoka, nikaifuta."

Muuguzi alirudisha mkono nyuma mara moja, akaweka bomba mezani. Hakufoka. Akauliza pini ya namna gani, ilikuwa na pamba au tupu, pamba ilitoka nzima au ilibaki, ilizama kiasi gani. Mama Vidole akachomoa pini yenyewe kichwani, akaonyesha kwa kucha. Pamba ilitoka nzima. Muuguzi akaitazama ile alama ya kucha, akaguna.

"Namwita daktari. Itabidi nta itolewe kwa hadubini na kimashine cha kufyonza, bila maji. Mtoto asitikisike kabisa."

Binti alikuwa amemkumbatia mwanawe, akimtazama mama yake tu.

"Mwanangu," akaanza Mama Vidole.

"Toka nje, Mama."

Akatoka. Akaketi kwenye benchi la ukumbini, mikono ameikalia. Msafisha sakafu akapita na tambara lake, akamwambia, "Bibi, inua miguu," akainua, akasahau kuishusha. Mlango ulifunguka daktari akaingia, ukafungwa. Kimashine kikaanza kuvuma. Kisha akasikia sauti ya Chiriku, kilio kirefu cha mtoto aliyeshikiliwa, na sauti ya binti juu yake, tulia mama, tulia, karibu, karibu. Mama Vidole alisimama, akafika mlangoni, akashika kitasa, akakiachia. Akarudi akaketi. Hakuwa na haki ya kuingia na alilijua hilo vizuri sana. Aliuma ukosi wa gauni lake mpaka mashine ikanyamaza.

Walitoka wote. Chiriku alikuwa amebebwa, kipande cha pamba sikioni, uso wake na wa mama yake umelowa machozi. Muuguzi ndiye aliyesema.

"Nta imetoka. Ngoma ina tundu dogo, limeonekana. Matundu ya namna hii mengi hujiziba yenyewe yakiachwa kwa amani. Sikio lisiingie maji. Akioga, zibeni kwa pamba yenye mafuta mazito, ikae mlangoni tu, isisukumwe. Matone yale basi, yatupeni. Akipata homa au usaha, mje siku hiyo hiyo. Vinginevyo mrudi tulitazame, tumpime anavyosikia."

"Atasikia?" akauliza Mama Vidole.

"Nadhani atasikia. Kukuahidi siwezi, Mama, mpaka lipone. Ila maji yale yangeingia, tungekuwa tunazungumza mengine." Akampapasa Chiriku mguu, akarudi chumbani kwake, kwani kulikuwa na mtoto mwingine anasubiri.

Binti akaketi kwenye benchi, mbali kidogo, mtoto mapajani. Akatazama ukuta.

"Nilijua," akasema. "Moyoni nilijua hutaweza kujizuia. Nimekasirika, Mama, sijui hata niseme nini. Lakini nilikuwa nafikiri kule ndani. Ungeweza kunyamaza. Umesema ukijua nitakachofanya." Akafuta pua. "Hilo nimeliona. La shangazi tutalizungumza nyumbani."

Mama Vidole akaanza kupata matumaini. Alinyoosha mkono kidogo, akagusa kidole cha mguu cha Chiriku, na Chiriku akamtazama, akakunja uso kwa mshangao wa kweli.

"Bibi! Umesema!"

"Nimesema, mama."

"Si ulisema ni siri? Mimi sikusema." Sauti ilikuwa imekauka kwa kulia, lakini ilikuwa na majivuno ndani yake. "Hata aliponivuta sikio. Sikusema hata kidogo."

Binti akageuka polepole. "Siri gani?"

"Bibi alisema nikisema utanipeleka kwa shangazi. Akanipa biskuti."

"Na lilikuwa linauma?"

"Linauma sana. Njia nzima."

Mama Vidole alitamani sakafu ile iliyopigwa deki ipasuke. Binti yake hakumfokea. Aliweka mkono mdomoni, akainama juu ya kichwa cha mtoto, na mabega yakaanza kumtikisika. Alipoinua uso, maneno yalitoka moja moja.

"Pini ningekusamehe. Wallahi pini ningekusamehe, Mama. Umemfundisha mwanangu anifiche akiumia? Kesho akiumizwa na mtu mwingine, akapewa biskuti?"

Mama Vidole aliteremka kutoka kwenye benchi, akapiga magoti kwenye sakafu mbichi. Akazunguka upande wa kushoto, upande unaosikia.

"Mke mwenzangu, nisikilize. Bibi alikosea. Ile haikuwa siri. Mtu akikuumiza, unasema. Unamwambia mama palepale, unasema kwa nguvu. Hata akikupa kitu. Hata akikuambia usiseme."

Chiriku alifikiri. "Hata wewe?"

"Hata mimi. Mimi zaidi."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Mtoto akavuta pumzi, akamgeukia mama yake, na akasema kwa ile sauti yake ya kila siku, sauti ya kuongea na draya, mpaka watu wa foleni wakageuka, na msafisha sakafu akasimama na tambara mkononi:

"Mama! Bibi aliniumiza sikio kwa pini!"

"Nimekusikia, mwanangu," akasema binti, akilia.

Watu wote ukumbini walikuwa wakimtazama mwanamke aliyepiga magoti. Wengine walimjua. Mmoja alikuwa mama wa mtoto aliyewahi kulala kwenye paja lile. Mama Vidole hakuinuka wala hakujifunika uso.

"Sema tena," akamwambia mjukuu wake. "Wale wa kule nyuma hawajasikia."

Chiriku akasema tena.